Mawe Hayajamaliza Kazi

Kila mara mlima unaposhuka juu ya watu katika Bonde la Kerio, kuna sentensi tatu ambazo lazima tuzisikie kabla maiti ya mwisho haijatolewa kwenye tope. Ya kwanza: hili ni janga la kiasili. Ya pili: ni mapenzi ya Mungu. Ya tatu: watu waliambiwa wahame wakakataa. Zinasemwa mbele ya kamera na watu waliovaa gambuti mpya, helikopta ikiwangoja nyuma. Halafu helikopta inapaa, na sisi tulio huku juu Eldoret tunachanga blanketi na unga. Mvua ya mwaka unaofuata ikija, tunaanza upya.

Mimi sina shida na blanketi. Shida yangu ni hizo sentensi. Zote tatu zimesimama juu ya wazo moja bovu tulilolishwa tangu shuleni: kwamba mwamba ni kitu kilichokwisha. Eti miamba iliumbwa zamani sana, ikatulia, na kazi yetu sisi ni kuijengea nyumba, kuikalia, na kuitaja kwenye mtihani. Nasema wazo hilo ni uongo, na ni uongo unaoua. Miamba haijamaliza kuumbwa. Inapasuka, inaoza, inateremka na kujipanga upya, leo, wewe ukiendelea kusoma hapa. Mwananchi anayeishi chini ya mteremko na hajaelezwa hilo amenyimwa kitu kikubwa kama dawa.

Tuanze shuleni, maana ndiko uongo ulikoanzia.

Nani kati yetu hakukariri? Jiografia, Fomu Wani: miamba ni ya aina tatu. Miamba ya moto, mfano graniti. Miamba ya mashapo, mfano mawe ya chokaa. Miamba iliyogeuzwa, mfano marumaru. Mwalimu anachora duara ubaoni, anaweka mishale, anasema mzunguko huu uchoreni vizuri, huja kwenye mtihani. Tukachora. Hakuna aliyetutoa nje ya darasa, na darasa lenyewe lilikuwa limejengwa kwa mawe, juu ya mwamba mgumu kiasi kwamba wachimbaji wa choo cha shule walivunja mipini ya sururu hadi wakadai waongezwe pesa. Ule mwamba ulikuwa somo zima. Tuliambiwa tusikaribie shimo.

Baadaye nikaenda chuo kikuu kusomea ualimu, Jiografia na Kiswahili. Nilikaa miaka miwili, karo ikaisha, nikatoka. Katika miaka miwili hiyo mhadhiri alituonyesha picha za mabonde ya Marekani na milima ya Ulaya, picha safi kabisa. Sikumsikia mtu hata mmoja akitaja Tambach. Na Tambach, jamani, unafika kwa matatu kabla chai ya chupa haijapoa.

Huu ndio ujinga ninaoupinga. Sisi ni watu wa mji ambao jina lake lenyewe ni jiwe. Eldoret linatokana na neno la Kimaasai, eldore, mto wenye mawe, likaongezewa mkia wa Kikalenjin. Mto wenyewe ni Sosiani, na ukisimama darajani wakati wa kiangazi utaona waliotoa jina hawakukosea. Kabla ya hapo wazungu waliuita 64 kwa sababu posta ilijengwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64. Namba ile haikueleza chochote kuhusu mahali hapa. Jina la zamani, lile la watu waliotazama chini wakaona wanakanyaga nini, ndilo lililorudi mwaka 1912. Zaidi ya miaka mia imepita. Simamisha watu mjini uwaulize jiwe lao linaitwaje, utasubiri sana.

Linaitwa fonolaiti. Jina limetoka kwa maneno ya Kigiriki ya sauti na jiwe, kwa kuwa bamba lake jembamba ukiligonga kwa nyundo linalia kama chuma. Fundi yeyote wa kuvunja kokoto hapa Uasin Gishu anaijua sauti hiyo, hata kama jina hajawahi kulisikia. Ni lava iliyopoa. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, ardhi ilipasuka upande wa mashariki, kule ambako leo ni Bonde la Ufa, na uji wa moto ukamwagika. Sahau ile picha ya mlima mmoja wenye shimo juu, unaotema moshi. Hii ilikuwa mafuriko. Lava ilitiririka ikajaza mabonde, ikapoa, ikafuata nyingine juu yake, na nyingine tena. Ndiyo maana Uasin Gishu ni tambarare. Shamba la ngano unaloliona limelala sawasawa kuelekea Moiben limekaa juu ya sakafu iliyomwagwa. Kule Ukambani kuna uwanda wa Yatta, lava ya jamii hiyohiyo, yenye umri wa takriban miaka milioni 13 na nusu, iliyofuata bonde la mto wa kale kwa karibu kilomita 300. Mto ule ulishakufa na kingo zake laini zikaliwa na mvua. Lava ikabaki. Kilichokuwa bonde sasa ndicho kilima kirefu.

Sasa panda matatu ya Iten. Ni kama kilomita 35, na njia nzima uko juu ya sakafu hiyo. Ukifika Iten, usishuke kupiga picha kwenye lango la mabingwa, endelea na barabara ya kuteremka Tambach. Hapo ndipo sakafu inakatika ghafla na unaona ilivyo nene. Ukuta wa juu, ule mweusi uliosimama wima, ni fonolaiti. Huo ni mwamba wa moto.

Teremka kidogo. Chini ya lava kuna tabaka laini za udongo mgumu, mchanga na kokoto za mviringo, zimelala moja juu ya nyingine. Hizo ni mashapo ya maziwa na mito iliyokuwepo kabla ya lava kufika. Maji yalitulia, matope yakazama, yakagandamana, kisha moto ukaja ukayafunika kama sahani. Wanajiolojia wameyapa jina la hapohapo, tabaka za Tambach. Huo ni mwamba wa mashapo.

Teremka tena. Jiwe linabadilika kabisa. Sasa lina mistari, myeusi na myeupe, imejikunja kama nguo iliyokamuliwa, na vipande vinavyong'aa juani. Hiyo ni naisi na ndugu zake. Sehemu kubwa yake ilianza maisha kama tope na mchanga chini ya bahari. Miaka takriban milioni 600 iliyopita, mabara mawili yaligongana na kushikana, na mshono wake unapita kutoka Msumbiji, Tanzania, hadi hapa na kuelekea Ethiopia. Tope lile lilisukumwa chini kilomita nyingi sana, likabanwa na kupikwa bila kuyeyuka. Mfinyanzi anaelewa haraka kuliko mwanafunzi wa Fomu Wani: udongo ukiingia tanuri unatoka chungu. Ni uleule, lakini huwezi tena kuukanda. Huo ni mwamba uliogeuzwa.

Aina tatu za miamba, katika ukuta mmoja, ndani ya safari ya saa moja na nauli ambayo hata mtu kama mimi asiye na mshahara anaimudu. Lile duara la ubaoni limesimama pale barabarani, na magari ya shule yanalipita yakikimbilia mashindano ya muziki.

Na kuna jambo pale ambalo hata duara haliwezi kuchora. Kati ya naisi na mashapo yaliyo juu yake hakuna kitu. Umri unaruka kutoka miaka milioni mia kadhaa hadi milioni kumi na kitu. Pengo la zaidi ya miaka milioni 500. Milima mirefu iliyoinuka wakati mabara yalipogongana ilikuwepo hapo, ikaliwa yote, punje kwa punje, ikapelekwa baharini, hadi mizizi yake ikabaki wazi. Ziwa likakaa juu ya kisiki. Unaweza kuweka kidole gumba kwenye naisi na kidole cha shahada kwenye mashapo, na katikati ya vidole viwili ni safu nzima ya milima iliyopotea.

Nalijua pengo hilo vizuri kwa sababu ya kazi. Mimi ni mwandishi wa kulipwa kwa makala, na katika mji huu kila kijana mwenye kompyuta na deni anaijua kazi hiyo: mteja yuko ng'ambo, wewe uko Kapsoya, stima inapotea, anataka maneno 1,500 kufikia asubuhi. Mmoja alitaka makala kuhusu Siccar Point, Scotland. Ni mahali ambapo mwaka 1788 James Hutton aliwapeleka wenzake kwa mashua kuwaonyesha miamba iliyolala juu ya mingine iliyosimama wima, akawathibitishia kwamba dunia ni nzee kuliko hesabu yoyote ya wakati huo. Pengo la pale ni la takriban miaka milioni 65. Watu wanatoka duniani kote kulitazama. Nililipwa dola kulieleza. La Tambach ni kubwa mara kadhaa, na hakuna mtu, si serikali ya kaunti, si gazeti, si shule, aliyewahi kuninunulia hata soda nilieleze. Waskoti hawakuzaliwa na mawe bora. Walizaliwa na watu waliokataa kuyapita bila kuuliza.

Sasa nitaambiwa: sawa ndugu, mawe yako ni mazuri, lakini mambo ya miaka milioni 600 yanamhusu nini mama anayeuza mboga?

Yanamhusu kila siku, tena mguuni. Vumbi jekundu la Iten, lile wanalokanyaga mabingwa wakifanya mazoezi alfajiri, ni lava iliyooza. Mvua inaposhuka inachukua hewa ukaa na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo inaingia kwenye nyufa za fonolaiti na kubeba chumvichumvi zake kidogokidogo. Kinachobaki ni udongo wa mfinyanzi na chuma, na chuma kikishika hewa kinapata kutu. Wekundu wa barabara zetu ni kutu. Murram tunayotandaza ni hiyohiyo imeganda. Na kwa kuwa mvua imekuwa ikiosha mashamba haya kwa muda mrefu mno, na sisi tukaongeza mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka, udongo umekuwa na asidi hadi mahindi yanadumaa. Mkulima anaambiwa atie chokaa. Chokaa inatoka wapi? Kwenye mwamba mwingine, kama ule unaochimbwa Koru. Jiwe moja limeoza, lingine linasagwa kulitibu. Huo nao ni mzunguko wa miamba, na una risiti ya duka.

Au uliza aliyechimba kisima. Jirani amepata maji, wewe umelipa mashine ukaambulia vumbi, na watu wakaanza kunong'ona kuhusu ndugu yako aliyekuonea wivu. Mwachie ndugu yako. Lava ngumu haishiki maji. Maji hukaa pale ilipopasuka, au kati ya mmiminiko mmoja na mwingine, kwenye udongo wa zamani uliofunikwa ukiwa bado na nafasi ndani yake. Kujua hilo kabla ya kulipa si anasa ya wasomi.

Lakini nilisema uongo huu unaua, kwa hiyo turudi mtelemkoni.

Ukuta wa Elgeyo na Marakwet ulisimama kwa sababu nchi ilikatika. Upande mmoja ulibaki juu, mwingine ukazama, na tofauti leo kati ya Iten na sakafu ya bonde ni zaidi ya mita 1,000. Afrika Mashariki bado inaachana, milimita chache kwa mwaka. Na kitu chochote kilichosimama wima namna hiyo, dunia inafanya kazi kukilaza. Jua linakipasha, usiku unakipoza. Mizizi inaingia kwenye ufa. Naisi ina mistari, na mahali penye mistari ndipo inapopasukia. Baada ya miaka mingi, juu ya mwamba mgumu kunakaa blanketi la udongo na mawe yaliyolegea, limeshikwa na msuguano na miti tu. Kata miti, lima mteremko, kisha lete mvua ya siku nyingi mfululizo. Maji yanajaza kila nafasi ndani ya lile blanketi, uzito unaongezeka, msuguano unapungua. Linaondoka.

Novemba 2019, Pokot Magharibi: zaidi ya watu 40. Aprili 2020, Chesegon, mpakani mwa Pokot na Marakwet. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, Chesongoch: zaidi ya watu 20, wengine wakiwa vitandani. Ng'ambo ya mpaka, kwenye mteremko wa Elgon upande wa Uganda, Machi 2010 huko Bududa: walipotea watu kwa mamia. Orodha haijaisha na sitaimaliza.

Sasa tazama kijiji kilicho chini ya ukuta huo kimekaa juu ya nini. Kila mahali ambapo kijito kinatoka kwenye mlima na kuingia bondeni, kuna ardhi iliyotandazika kama upepeo. Ina rutuba na maji yako karibu, ndiyo maana watu wanaishi hapo. Upepeo huo umetengenezwa na nini? Na maporomoko. Na matope na mawe yaliyoshuka mara nyingi kabla yetu. Yale mawe makubwa katikati ya mashamba hayakupandwa na mtu. Yalikuja usiku mwingine, wa mvua nyingine. Ardhi yenyewe ni daftari la kumbukumbu ya maporomoko, limefunguliwa mchana kweupe, na tumewalea watoto juu yake bila kuwafundisha kulisoma.

Ndiyo maana sikubali ile sentensi ya kwanza. Kuporomoka ni kwa kiasili, ndiyo. Kufa kwa kutojua si kwa kiasili. Sikubali ya pili pia, si kwa sababu sina Mungu, bali kwa sababu nimechoka kuona jina lake likitumiwa kufunga faili. Na ya tatu ndiyo inayonichoma zaidi. Waliambiwa wahame. Waliambiwa na nani, kwa lugha gani, wakionyeshwa nini? Kumwambia mtu aache shamba la babu yake, mahindi yake, kisima na makaburi, kwa sababu "eneo ni hatari", bila kumwonyesha ufa uko wapi na mawe yalipita njia gani, bila kumpa pa kwenda, hiyo si taarifa. Ni kujitengenezea utetezi mapema.

Na usiniambie hawa ni watu wasioelewa mawe. Wamarakwet wamepitisha mifereji ya maji kwenye ukuta huo kwa vizazi na vizazi, maji yanatoka juu yanatambaa kwenye majabali kwa kuta za mawe na magogo hadi mashamba ya bondeni. Hakuna mhandisi aliyetumwa kuwafundisha. Huku Uasin Gishu, wale tunaowaita Wasirikwa waliacha mashimo yaliyozungushiwa mawe, maboma ya ng'ombe, ambayo bado yanaonekana mashambani. Kijana anayevunja kokoto nje ya mji anajua kwa sikio jiwe lipi litapasuka vizuri na lipi lina ugonjwa ndani. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni kuunganisha ujuzi huo na ule uliofungiwa kwenye ripoti.

Ripoti zipo. Idara ya jiolojia ilipima na kuchora sehemu kubwa ya nchi hii, nyingi katika miaka ya 1950 na 1960, na tangu hapo ndege zimepita juu yetu zikipima tena. Lakini angalia ni wakati gani viongozi wetu hulitaja jiwe. Ni pale tu linapoitwa madini. Hapo utasikia utajiri, wawekezaji, ajira kwa vijana. Kule Kimwarer, upande wa kusini wa bonde hilihili, maji ya moto yaliyopanda kwenye nyufa za miamba ile ya kale yaliacha floraspa, jiwe linalotakiwa na viwanda vya kemikali na aluminiamu duniani. Lilianza kuchimbwa miaka ya 1970. Familia zikahamishwa. Uchimbaji ukasimama mwaka 2016, na madai ya fidia yakaishi kuliko mgodi. Jiwe lilipokuwa na bei, kila mtu serikalini alijua lilivyoumbika, liko kina gani, linaelekea wapi. Jiwe linalokaribia kumwangukia mtu halina mtaalamu. Elimu ileile, mwamba uleule. Tofauti ni nani analipa.

Sheria haituzuii. Sheria iko upande wetu, tatizo ni kuwa imelala. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema madini yote yanashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya watu wa Kenya. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya pale linapochimbwa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili. Viweke pamoja vyote vinne halafu uniambie ni kwa nini ramani ya maporomoko ya kaunti haijabandikwa ukutani kwa chifu, kwa lugha anayoisoma mama anayelala chini ya mteremko.

Kuna rafiki yangu mmoja msomi ambaye hunijibu kwamba jiolojia haina Kiswahili. Wee! Tuna mwamba, jabali, jiwe, kokoto, changarawe, mchanga, tope, mashapo, ufa, mteremko, maporomoko. Wakalenjin wana koita na maneno yao mengine yaliyokuwepo kabla ya shule. Lugha iliyoweza kuzaa "ugatuzi" na "utandawazi" haishindwi na naisi. Palipo na jina geni tunalifinyanga, kama tulivyofinyanga fonolaiti katika makala hii na bado umefika hapa. Anayesema Kiswahili hakiwezi, mara nyingi anamaanisha hataki kuulizwa maswali na asiyejua Kiingereza.

Mwingine atasema: vijana hawana kazi, wewe unataka tusome mawe, kwani tutakula mawe? Tayari tunayala. Unga wako umetoka kwenye lava iliyooza. Nyumba yako ya kupanga imejengwa kwa mwamba. Meno ya kahawia ya watu wengi wa Bonde la Ufa yanatokana na floridi inayotoka kwenye miamba ya volkeno na kuingia majini. Kuyala bila kuyajua ndiko kunakotugharimu.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka kila shule iliyo karibu na ukuta wa Elgeyo ifunze miamba pale Tambach, mtoto akiwa amegusa, na mtihani uulize kuhusu kijiji chake kabla ya kumuuliza kuhusu Marekani. Nataka ripoti za jiolojia za kaunti hizi ziandikwe upya kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, zisomwe barazani, na mzee anayekumbuka mawe yalipita wapi zamani aongezee yake kwenye ramani ileile. Nataka mtu anayetaka wengine wahame aje na ramani, shamba mbadala na tarehe, au anyamaze. Na nataka vyuo vinavyotoza karo katika eneo hili viache kuwapitisha wanafunzi juu ya fonolaiti kwenda kuwaonyesha picha za mabonde ya watu.

Naisi ilikuwa tope. Lava ya Iten inageuka udongo. Udongo huo utashuka Kerio, utafika ziwani, utalala, utagandamana, na siku moja usiohesabika utakuwa mwamba tena. Hatuwezi kuusimamisha mwendo huo, wala hakuna aliyeomba tuusimamishe. Tunachoweza ni kujua uko hatua gani, na nani amelala njiani. Mvua ndefu zitarudi. Kabla hazijafika, mtu mwenye gambuti mpya aende Marakwet mapema, bila helikopta wala kamera, akiwa na ramani mkononi.